Barabara ya Shamba hadi Sokoni

Jina lake kwenye kibao ni Barabara ya Shamba hadi Sokoni,
nambari nne sifuri saba moja, kaskazini mwa Dallas,
njia mbili tu, moja ya kwenda, moja ya kurudi,
na mtaro huku na huku wenye nyasi na vyura.
Iliwekwa lami kwa ajili ya malori ya pamba.
Sasa shamba hakuna,
na soko liko kwenye bango: LINAKUJA HIVI KARIBUNI.
Bango hilo nalipita mwaka wa tatu.
Jua limekwisha kula maneno mawili ya mwanzo,
limebakiza KARIBUNI.

Nasi tumekaribia.

Naendesha basi la shule, namba kumi na nne.
Ijumaa niliuacha mtaa una nyumba kumi na moja,
Jumatatu nikazikuta ishirini na sita,
zina taa, zina mbwa, zina watoto kizingitini
wenye mikoba mipana kuliko migongo.
Ramani ya simu haijapata habari zao.
Inalionyesha basi langu likielea katikati ya pamba
na sauti ya kike inanisihi, bila hasira:
geuza, geuza, rudi barabarani.
Niko barabarani, mama.
Hii ndiyo barabara.

Saa moja jioni mabomba yanakohoa,
kila mtu anaoga kwa wakati mmoja.
Shule ya watoto mia sita ina elfu moja na ushei;
waliozidi wanasomea vibanda vya mabati nyuma ya uwanja,
mvua ikinyesha mwalimu anafundisha kwa ishara.
Kwenye mkutano wa mji mhandisi alitandaza mchoro:
njia sita, taa, miti katikati,
mwaka elfu mbili thelathini na nane.
Tejas wa darasa la kwanza, kiti cha pili,
atakuwa ameota ndevu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa.
Hapa wameanza na kuta, elfu nne,
ufa umeachiwa wapangaji.

Nisijitoe. Nyumba ya mia nne na tatu ni yangu.
Nilikuja kutafuta anga,
na kila aliye mbele yangu kwenye foleni
alikuja kutafuta hilohilo.

Bwana Hruska aliuza ekari mia tatu na arobaini.
Alilipwa vizuri, hakatai.
Alibakiza nyumba, ghala,
na ng'ombe tisa ng'ambo ya lami.
Kila asubuhi trekta lake linanguruma langoni
likingoja pengo la kuvuka.
Dakika ishirini na tatu, nimehesabu,
maana nami nimekwama papo hapo.
Wanampigia honi.
Hawajui kwamba pale wanapochemshia kahawa
ndipo alipozalishia ndama.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
mwenyeji yuko juu ya trekta, marobota ya majani mgongoni,
anatutazama kama mtu aliyeuza mto
akabaki na kiu.

Jumatano, sijui nini kilinishika,
nikachomoa kile kibao chekundu ubavuni mwa basi,
SIMAMA, taa zikapepesa,
wala hapakuwa na mtoto wa kupanda wala wa kushuka.
Sheria ni sheria: pande zote zikaganda,
magari maili nzima, kimya,
hata nikasikia ng'ombe.
Akavuka polepole, kwa makusudi nadhani.
Hakugeuka. Aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani.

Alasiri wakaniita ofisini.
Kibao ni cha wanafunzi, Bi Otilia.
Nikasema naelewa. Nikasaini.

Lakini ninachokumbuka ni Tejas,
pua kwenye kioo, akilifuata trekta kwa macho:
"Yule babu anasoma shule gani?"
Sikuwa na jibu. Nikarudisha kibao.
Tukasogea mita kumi,
tukasimama.