Mizani ya Ghala

Miaka kumi na minne napima korosho za watu
hapa Newala, gunia kwa gunia,
jicho langu halikosei hata robo kilo.

Jana Sista Somoe akanipandisha mimi.
Mshale ukakimbia, ukatulia pabaya.
Presha nayo juu.
"Mzee Nampuku, hapa hakuna makato ya unyevu."

Leo alfajiri nimeacha pikipiki.
Nimeshuka bondeni kwa miguu, njia ya kisima
aliyoipanda mama na ndoo kichwani,
bila kuiita mazoezi.

Kushuka, nilipiga mluzi.
Kupanda, nimekaa mara tatu juu ya jiwe,
moyo ukitwanga kama mchi wa jirani.

Kesho pengine mara mbili.
Ufunguo wa pikipiki anao Sista.