Fundo la Moyale

Sijafika Moyale.
Miaka kumi na mmoja nimeketi nyuma ya wavu huu wa chuma,
Eastleigh, chini ya duka la mapazia,
nikiandika kwa kalamu nene: MOYALE. MOYALE. MOYALE,
hadi jina likaacha kuwa mji
likawa maumivu ya kifundo cha mkono.

Basi la usiku huingia adhana ikimalizika,
vioo vyake vina vumbi lisilo la hapa.
Wario hupanda paani, anateremsha:
dengu, kahawa mbichi,
pilipili ya unga inayoipigisha chafya foleni nzima,
shuka nyeupe zenye ukingo wa kijani, zimekunjwa kama barua.
Mchana tunajibu: magodoro, ndara za plastiki, sabuni za mche,
vioo vya simu, na safari moja jeneza,
lililojazwa mablanketi ya kuuza
ili nafasi isipotee bure.

Duba dereva husema ni mji mmoja uliopasuka kama dengu:
jina moja, bendera mbili,
mbuzi huvuka bila karatasi.
Ng'ambo, anasema, risiti huandikwa tarehe za zamani,
wenzetu wako nyuma miaka saba na ushee.
"Nikivuka, narudi kijana." Anacheka, na meno mawili hana.
Lakini saa zao ni zetu,
huanza kuhesabiwa jua likichomoza.
Qabale akinipigia, "Mzigo saa moja, Mbithe,"
ni saa moja ya kweli, ya chai,
si ile saba ya daftari la Bwana Roba.

Qabale simjui sura.
Namjua fundo.
Magunia ya wengine hufungwa kamba juu ya kamba,
kama watu wasiomwamini dereva.
Lake: mizunguko miwili, ncha ipite chini,
irudi ijiume mkia.
Vizuizi tisa vya askari, na baridi ya Marsabit,
halilegei.
Nami nikivuta ile ncha fupi, moja tu,
linafunguka lote
kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina la nyumbani.
Nilijua kulifungua kabla ya kujua kulifunga.
Nilijifunza kinyumenyume, chini ya kaunta,
kwa kamba ya kiatu.

Jumanne moja ya mvua gunia likaja limefungwa vingine.
Mafundo saba, manane, yamepandana.
Jina lake. Uzito uleule. Dengu zilezile.
Nikasimama na mkasi mkononi.
"Dada, vipi? Wengine tuna kazi."
Kamba sikuikata. Nilitumia kucha, kisha meno,
ikanionja chumvi.
Halafu nikapiga simu.
Ikapokewa na sauti changa:
"Mimi Darmi. Mama tulimzika Ijumaa.
Mzigo ulikuwa umeshapimwa."

Tuna fomu ya mzigo uliopotea.
Tuna fomu ya mzigo uliolowa.
Niliipekua droo yote, hata chini ya mihuri.

Saa saba mchana, Wario akipanga magodoro,
nikalichukua lile gunia, tupu,
nikalikung'uta, nikalikunja,
nikalifunga kwa kamba yake mwenyewe:
mizunguko miwili, ncha ipite chini,
irudi ijiume mkia.
Mara ya kwanza lilinikatalia.
Mara ya pili likakaa.
Bwana Roba akauliza mna nini humo.
Hamna kitu, nikasema, na nauli nikalipa mimi.
Kwenye uzito nikaandika sifuri.
Kwenye jina: DARMI, MOYALE.
Na kando ya ile ncha fupi nikachora mshale kwa kalamu nene:
vuta hapa, polepole.
Kisha rudia.