Nguzo ya Thelathini na Saba

Nilianza kwa kuhesabu taa.
Kila usiku baada ya Isha, raba za mwanangu miguuni,
kutoka msikiti mpya hadi mwisho wa lami,
pale Mabela inapokatika ghafla
kama maneno ya mtu aliyeitwa na mwenzake.
Nguzo arobaini na nne. Zinazowaka, kumi na tisa.
Ya thelathini na saba huwaka ukiipiga teke.

Mundhir akasema: Mama, umeshahesabu, sasa gombea.

Mimi? Muuguzi mstaafu,
mzaliwa wa Bujumbura, mwolewa wa Maskati,
Kiarabu changu hadi leo kinachechemea kwenye ain.
Lakini fomu ilijazwa kwa simu, dakika saba,
na picha yangu ikatoka kama ya mtu anayetafutwa na polisi.

Mtaa wetu hauna jina, una namba.
Njia ikitiwa lami Jumapili, Jumatano inachimbwa
lipitishwe bomba lililosahauliwa.
Lori la maji machafu ndilo linalojua kila mlango.
Dereva wake, Iqbal, alinionyesha kwa kidole
nyumba ambazo shimo hujaa kila wiki,
na kona ambapo mvua ikinyesha
wadi hurudi kudai njia yake.
Nikaandika yote. Nikamwuliza: utampigia nani kura?
Akatazama usukani.
Lilikuwa swali la kijinga, na nililijua
kabla halijanitoka mdomoni.

Kinyozi hana kura. Mwoka mikate hana kura.
Yaya wa jirani, anayevuka barabara kuu mara nne kwa siku
na watoto wa watu mkononi, hana.
Daftari likajaa wasio na kura.

Wenye kura walinikaribisha majlisi.
Kahawa, tende, halua, na swali lile lile
limefungwa kwa adabu kama zawadi:
Na nyinyi, asili yenu wapi hasa?
Nikitaja kijiji cha babu, kule Sharkia,
wanaitikia kwa kichwa: basi ana watu wake kule,
na kule si hapa.
Mzee mmoja aliniambia wazi, bila ubaya:
Bibi, sisi tumeshaafikiana.
Kijana wetu mzuri. Hakai Mabela, lakini mzuri.

Shangazi Rudhuna, miaka themanini na mbili, akanitungia:

Taa hazitaki hoja, zataka mtu wa waya,
Shinuna wetu mmoja, mpeni bila ya haya.

Mizani imetimia, vina havikosi,
na nusu ya mtaa hawajui Kiswahili.
Tukaubandika kwenye jokofu.

Siku ya kura hakukuwa na foleni, kila mtu na simu yake.
Shangazi akashika kitambulisho, akasogeza uso.
Simu ikamkataa. Vua miwani. Ikamkataa.
Sogea kwenye mwanga. Ikamkataa.
"Hata hii nayo yauliza asili yangu," akasema,
akarudia mara kumi na moja, mtandio ukimporomoka,
mpaka ikakubali kwamba yeye ni yeye.

Mia mbili na sita.
Kijana mzuri alipata elfu na ushei.
Mundhir alitaka tukate rufaa. Mimi nikapika biriani,
kwa kuwa nyama ilikwishatolewa kwenye barafu.

Wiki ya tatu mvua ikaja usiku.
Saa nane simu ikaanza kulia, haikunyamaza:
Shinuna, maji yameingia gereji. Shinuna, gari linaelea.
Mke wa yule mzee: "Kona ile. Wewe uliisema."
Nikamwambia mimi si diwani, mpigieni diwani.
"Hapokei," akasema. "Na kona yenyewe haijui."

Nikavaa raba za Mundhir.
Iqbal alishafika, lori kalikingamisha njiani,
anazuia magari yasiteremke wadini.
Akashusha kioo.
Mama, akasema, ya thelathini na saba imezima.

Nikaenda nikaipiga teke.