Mawimbi Matano

Uma wa chuma niliorithi umechongwa 435.
Naugonga gotini, naubandika mfupani nyuma ya sikio,
na noti inakuja, nyembamba,
kama nzi aliyefungiwa chupani.
Kinanda cha kukanyaga cha kanisa la Nansio
kimeishi na uma huu tangu sijazaliwa.
Kile kipya, cha umeme, kilichonunuliwa Makoroboi,
kimeshika 440.
Ukivibonyeza pamoja hewa inayumba,
wau, wau, wau, wau, wau,
mawimbi matano kila sekunde
na nje hakuna upepo.

Katibu wa kwaya akaniuliza:
Fundi, nani anayeijua tofauti hiyo?

Nikamwambia, pale Mwaloni Kirumba
mama Sayi hupima dagaa kwa kopo la rangi.
Kopo limebonyea. Miaka tisa hajapunjwa mtu,
kila mteja analijua lile bonde.
Siku jirani alipotandika meza na kopo lisilobonyea
ndipo watu walipoanza kuhesabu vichwa vya dagaa.
Kopo moja halina kosa.
Makopo mawili ndiyo kesi.

Basi tupandishe vyote, akasema, tumalize.

Hapo nilisita.
Mwaka ule ziwa lilipojaa
mitumbwi yote ilipanda pamoja,
hakuna uliomwambia mwenzake, mbona umerefuka.
Lakini shamba la viazi la Nyanzobe
liligeuka shamba la kambare.
Ufuko ndio uliojua.
Na ufuko wa kwaya ni koo.

Nyanzobe huyohuyo, sauti ya kwanza,
aliyebisha hodi kwenye aleluya ileile miaka thelathini,
akakuta mlango umesogezwa juu
sehemu ya tano ya nusu-hatua. Unene wa kucha.
Nani atagombana na unene wa kucha?
Kila Jumapili alirudi nyumbani kuchemsha tangawizi.
Kisha akahamia sauti ya pili,
akasema ni umri.
Nami niliyekuwa na uma mfukoni
nilisema pole.

Yupo Mazigo, kijana mchomeleaji wa mageti.
Ukimtajia 440 anauliza kama ni bei ya jumla.
Ana nanga ya babu yake:
uzi mmoja unaopita mara nane juu ya gogo,
ukikaza hapa, kule kunalegea, kama ukoo.
Asubuhi anakohoa, anajaribu neno moja,
anasema, leo nimeamka chini,
na uzi unamfuata huko chini alikoamkia.
Mabaharia wa pwani wana nanga ya kuzuia chombo.
Hii ya Ukerewe haizuii kitu.

Siku tuliyomzika Nyanzobe umeme ulikatika.
Kinanda kipya kikawa meza ya kuwekea maua.
Cha kukanyaga kilikuwa na panya.
Mazigo akaketi juu ya kreti ya soda,
akatuangalia tulivyokuwa, macho mekundu, mafua ya kilio,
akalegeza.
Akalegeza tena.
Kwaya ikapokea,
na pale kwenye ile aleluya
hakuna aliyenyoosha shingo.

Nilitoa simu, nikapima,
kwa aibu, kama mtu anayetazama saa msibani.
428.
Sijawahi kuona uma wenye namba hiyo.
Nimeiandika kwa penseli
ndani ya kifuniko cha kile kinanda cha zamani,
chini yake tarehe, basi.

Sasa nimeitwa tena Nansio.
Katibu anataka namba moja
ya kubandika ukutani kabla ya Pasaka,
na kusema kweli ana haki, kwaya ina watu arobaini
na wapiga gita wawili wanaojitegemea.
Nina uma mfuko huu, simu mfuko ule.
Kivuko kimeondoka Mwanza saa tatu.
Injini inavuma noti yake chini ya benchi,
abiria wote inawatetemesha sawasawa,
mpaka kuku kwenye tenga,
na mimi sijaipima.