Namba ya Kasha

Dukani Ogallala Verlin alinishikisha tatu.
Ya kwanza nyepesi, ingekaa mfukoni mwa aproni.
"Ndogo ndiyo yenye teke," akasema, akairudisha.
Ya pili ilinishinda: vidole vyangu vya baridi yabisi
havikuweza kuuvuta mgongo wake.
Ya tatu ikaukaa mkono
kama mpini wa kikaango nilichokizoea.

Akanifundisha nyuma ya ghala, upepo ukiturushia mchanga.
Kila silaha ina risasi,
hata uliyoitoa risasi mwenyewe, sasa hivi.
Kidole nje, kilale ubavuni,
mpaka ujue ni nani, na nyuma yake yuko nani.
Ujue, Arlette. Usidhani.

Miaka tisa niliivaa chini ya koti,
kanisani, kwa daktari wa meno, mnadani kwenye ng'ombe.
Haikutoka alani.

Januari hii, saa tisa usiku,
nilimkuta mbele ya kasha, soksi mguu mmoja,
akibonyeza tarehe ya harusi yetu, akikosea mwaka.
"Kuna mwanamke humu ndani," akaninong'oneza.
"Simjui."
"Ameshaondoka," nikamwambia. "Nimemwona akitoka."
Akaniamini. Akashukuru, kwa adabu, kama mgeni.

Kulipokucha nikabadili namba.
Nikaweka siku ile daktari aliponiita pembeni.

Kisha nikammiminia kahawa.
Alikishika kikombe kwa vidole vitatu;
cha shahada kimenyooka ubavuni,
nje ya mkono wa kikombe,
kimelala.