Kipimo cha Veikka

Januari nilimlaza kwenye sakafu ya gereji,
nikamzungushia chaki:
kisigino, goti, kiuno, bega.
"Usicheke, unanitikisia mstari."
Akacheka vivyo hivyo. Miaka kumi na minne,
na sauti yake siku zile ilikuwa bawaba isiyotiwa mafuta.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia.
Najua unene wa unywele ukizidi mdomoni
mtu mzima hapati usingizi.
Nikadhani basi kayaki haitanishinda:
si taya moja refu tu,
mita tano na kidogo?

Vipande viwili vya mwerezi kila jioni,
kimoja kushoto, kimoja kulia,
ili umbo lisije likapinda upande kama mtu anayesikiliza umbea.
Nje, digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Ziwa Kallavesi limefunga kinywa.
Gundi nayo ikagoma kushika,
ikabaki nzito, baridi, haina habari na mbao.
Nikawa nalala na chupa yake kitandani,
upande wa Raimo,
ambao tangu Septemba haukuwa na mtu.
Asubuhi gundi ilimiminika kama asali.
Sikumweleza yeyote.

Veikka alikuja Ijumaa moja kwangu,
Ijumaa iliyofuata kwa baba yake.
Alikuja na begi asilolifungua lote.
Nilimpa msasa: namba themanini,
kisha mia na ishirini, kisha ule laini
unaosikika kama mtu anayepumua chumba cha pili.
Hatukuzungumza sana. Vumbi lilizungumza.
Hilppa wa ng'ambo ya ua alikuja kuuliza
litakoma lini, maana nguo zake kambani zimekuwa na rangi ya chai;
akaondoka na kahawa, na kibanzi kidoleni.

Machi, Veikka akasugua mahali pamoja,
akasugua, akasugua, macho yake yako mbali,
mpaka ubao ukatoboka.
Akasimama akiushika msasa kama aliyeshikwa na kitu cha wizi.
Nikachonga kiraka cha mti mweusi,
nikakitia pale kama jino.
Hakionekani vibaya.
Kinaonekana, lakini si vibaya.

Mei barafu ikaondoka kwa kishindo, usiku mmoja.
Nikamwambia: ingia, ujaribu.
Akaingia. Magoti yakagonga sitaha.
Akajikunja, akajinyoosha, akaona haya,
kana kwamba amekua kwa makusudi.
Tukafagia vumbi, tukautafuta ule mchoro wa chaki,
akajilaza tena ndani yake.
Miguu ikamwagika nje ya mstari,
vidole vyote kumi,
na sehemu ya kifundo.

Mimi, ninayepima kwa unywele,
nilikuwa nimempima mtoto
kana kwamba ni mfu.

Nikachukua msumeno, nikaukata ule ukuta wa miguu
niliokuwa nimeugandisha kwa fahari zote.
Ukalia vibaya.
Mahali pake nikaweka kikanyagio cha kusogezwa
na matundu sita ya skrubu.
Manne ya mbele yako wazi.
Hakuuliza ya nini.

Kisha vanishi. Mpako wa tano, Juni,
usiku usiojua kutia giza,
mbu akatua karibu na tundu la kukalia
akabaki hapo, mabawa wazi, kila mguu mahali pake.
Nikataka kumkwangua.
"Mwache," alisema Veikka. "Naye abebwe."
Tukampaka mpako wa sita juu.

Jumapili tukaibeba, yeye mbele, mimi nyuma,
tukapita mlangoni pa Hilppa aliyetoka na kijiko mkononi.
Maji yaliipokea pasipo maneno.
Kafi likaingia kulia, kushoto, vibaya, kulia tena.
Alipofika penye matete aligeuka nusu, akapiga kelele,
na sauti haikukatika katikati:
"Mama, inavuja! Nimelowa!"

Yalikuwa ni matone ya kafi, yanamtiririkia mapajani.
Nilijua.
Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuingia ziwani,
viatu na vyote, hadi magotini.