Ya Tatu

Dukani kwa Hauge, Dakota Kaskazini, theluji ya magotini,
Marlys Tveit, askari wa kaunti, kavua glavu moja.
Bastola tatu zimelazwa juu ya taulo la jikoni.

Ya kwanza yang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akairudisha.
Ya pili nyepesi, ila kidole chake kifupi
hakifiki kwenye triga bila kuomba ruhusa.
Ya tatu imechubuka mdomoni, mali ya marehemu fulani.
Akaishika. Mkono ukanyamaza.

"Hiyo haijawahi kukwama," akasema Hauge.
"Nitaamini baada ya risasi mia tano,
nusu yake nikiwa na glavu."

Hakuuliza inaua vipi.
Aliuliza ikikaa kiunoni saa kumi na mbili, garini, mgongo utasemaje;
na Jumapili, chini ya sweta, akimbeba mtoto wa dada yake,
je, itamchoma mbavu?

Miaka kumi na tisa kazini
hajafyatua ila kwa kulungu aliyegongwa barabarani.
Alilia, kisha akaandika ripoti.

Akalipa taslimu. Akahesabu chenji mara mbili.
Nje, gari lake likakataa kuwaka.
Akajaribu tena. Likakohoa tu.
Marlys akacheka peke yake, mvuke ukimtoka kinywani.